Viumbe wa Vilindi na Kadiri Yao



Sisi tukaao Maramba, chini ya milima ya Usambara ya Mashariki, samaki hutufikia akiwa amekwisha kufa. Huletwa kutoka pwani katika barafu, au amekaushwa, au amekaangwa. Nasi humpima kwa bei na kwa harufu, wala hatuulizi aliishije huko alikotoka. Lakini yako maswali ambayo mtu mwenye kutafuta kweli hapaswi kuyapita hivi hivi. Mojawapo ni hili: Je, yawezekana mnyama wa kilindi cha bahari, mahali ambapo nuru ya jua haifiki, aletwe juu akiwa hai na kufugwa mbele ya macho ya watu? Kama yawezekana, yahitaji nini? Na kama haiwezekani, sisi yatupasa nini?

Swali hili si la watu wa mbali peke yao. Bahari ya Tanga inaye samaki mmoja mashuhuri wa vilindini, silikanti, ambaye dunia nzima inamjua, na ambaye hapana mtu aliyefaulu kumfuga. Katika somo hili tutaeleza kwanza habari ya uzito wa maji. Kisha namna wataalamu walivyotengeneza matangi ya kuwafugia wanyama wa vilindi. Kisha habari ya silikanti wetu. Na mwisho tutatazama wajibu unaotupata. Tafadhali soma polepole, maana kila sehemu yaitegemea iliyotangulia.

UZITO WA MAJI

Kila mtu aliyepata kusafiri kwa gari kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kwamba masikio huziba njiani, kisha hufunguka ghafula. Sababu yake ni kwamba hewa ina uzito. Kadiri tunavyopanda mlima ndivyo hewa iliyo juu yetu inavyopungua, na mgandamizo wake hupungua pia. Hapa chini hewa hutugandamiza kwa uzito upatao kilo moja juu ya kila sentimita mraba ya mwili. Hatuusikii uzito huo, kwa kuwa ndani ya miili yetu mna mgandamizo ulio sawa nao unaousukuma kutoka upande wa pili.

Maji ni mazito kuliko hewa mara nyingi sana. Mtu akizama baharini mita 10 tu, uzito wa maji yale huwa sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo kila mita 10 huongeza kilo moja nyingine kwa kila sentimita mraba. Penye kina cha mita 100 mgandamizo ni mara 11 ya ule wa juu. Penye mita 1,000 ni mara 101. Na bahari kuu ina mahali penye kina kinachopita mita 10,000.

Basi mtu asidhani kwamba huko chini hapana uhai. Mwaka 2022 samaki alipigwa picha akiogelea karibu na Japani katika kina cha mita 8,336, na huko kila sehemu ya mwili iliyo pana kama ukucha hubeba zaidi ya kilo 800. Anaishi bila ya kupondwa kwa sababu ile ile ituwezeshayo sisi kuibeba hewa: mgandamizo wa ndani ya mwili umelingana na ule wa nje.

KWA NINI HUFA WALETWAPO JUU

Pengine msomaji atauliza: Ikiwa mgandamizo ni mzigo, kwa nini mnyama asifurahi atuliwapo mzigo huo? Jibu ni kwamba kwake yeye si mzigo. Ni sehemu ya maumbile yake.

Sababu ya kwanza ni hewa. Samaki wengi wana kifuko cha hewa ndani ya mwili, nacho huwasaidia kuelea bila ya kuzama wala kupanda. Hewa hunywea igandamizwapo, na hutanuka iachiliwapo. Chewa avutwapo kwa mshipi kutoka mita 100 hadi juu, hewa ya kifuko chake hutaka kutanuka mara 11. Wavuvi wa Tanga wanaijua vizuri dalili yake: samaki hufika chomboni tumbo limetokeza mdomoni, na macho yamevimba.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe ndogo mno, nazo hufanya kazi kwa kujikunja na kujikunjua katika umbo maalumu. Mgandamizo mkubwa huharibu umbo hilo. Kwa hiyo wanyama wa vilindini wamepewa kinga: miilini mwao imo dawa ya asili izilindayo chembe zisibanwe, na kadiri samaki anavyoishi chini zaidi ndivyo dawa hiyo inavyozidi mwilini mwake. Samaki wengi wa bahari wanayo kwa kiasi kidogo; nayo ikianza kuoza baada ya samaki kufa, hutoa harufu ile ile ambayo kwayo sisi sokoni humkataa samaki aliyelala. Hivyo harufu tunayoikimbia yatokana na kitu kilichomlinda samaki alipokuwa hai. Lakini mwili uliopangwa kwa mgandamizo mkubwa hupotewa na mpango wake mgandamizo ukiondoka: mnyama hutetemeka, hulegea, na mara nyingi hufa.

Sababu ya tatu ni joto, na ya nne ni nuru. Maji ya vilindi ni baridi na yana giza. Maji ya juu ya pwani yetu ni vuguvugu na yanang'aa. Kwa hiyo mnyama avutwapo juu kwa dakika chache hubadilishiwa mambo manne kwa pamoja: mgandamizo, joto, nuru, na hewa ayivutayo kutoka katika maji.

MATANGI YENYE MGANDAMIZO

Wataalamu walipoyafahamu hayo, waliona kwamba haitoshi kumleta mnyama peke yake. Hapana budi kuileta pamoja naye kadiri yake, yaani hali zote alizoumbiwa kuishi ndani yake.

Mwaka 1978 mtaalamu A. A. Yayanos wa California alieleza jinsi alivyowapandisha kutoka kina cha mita 5,700 wanyama wadogo wafananao na uduvi wakiwa hai. Aliwanasa katika chombo kilichojifunga huko huko chini, kikauhifadhi mgandamizo wa bahari hadi juu. Akawaweka hai katika mgandamizo wa mara 580 hivi wa hewa yetu. Miaka 30 baadaye, mwaka 2008, Bruce Shillito na wenzake wa Ufaransa walitangaza chombo kingine kilichowapandisha wanyama wakubwa zaidi, pamoja na samaki, kutoka mita 2,300. Nako Japani wataalamu walitengeneza tangi la duara kama mpira, kwa kuwa umbo la duara huugawa mgandamizo sawasawa pande zote wala halina pembe iliyo dhaifu.

Kisha mwaka 2012, katika jumba la maonyesho ya bahari liitwalo Océanopolis, mjini Brest, Ufaransa, watu wa kawaida waliweza kusimama mbele ya matangi yaitwayo AbyssBox na kuwatazama kaa na kamba walio hai, waliotoka penye chemchemi za moto zilizo chini ya bahari ya Atlantiki, kina cha mita 1,700 hivi. Walikuwa wangali katika mgandamizo wa kwao.

Sasa, ndugu msomaji, tafakari gharama ya jambo hilo. Katika kina cha mita 1,700, kila sentimita mraba hubeba kilo 170 hivi. Kidirisha kilicho pana kama kiganja cha mkono, yaani sentimita mraba 100, hubeba tani 17. Kwa hiyo tangi huwa la chuma kinene, dirisha lake huwa dogo na nene, na nafasi iliyo ndani huwa kama ya ndoo moja tu. Wanyama wale wapaswa kuvuta hewa iliyomo katika maji, basi pampu hailali usiku wala mchana, huyasukuma maji mapya ndani bila ya kuuachia mgandamizo ushuke. Wapaswa kula, basi chakula hupitishwa katika chumba kidogo chenye milango miwili: wa nje hufungwa kabla ya ule wa ndani kufunguliwa. Maji yapaswa kupozwa daima. Umeme ukikatika, au vali moja ikivuja, kadiri yao yote huondoka mara moja.

Kwa hiyo maarifa mengi na fedha nyingi zimetumika ili kukipata kipande cha bahari kisichozidi ndoo. Hatusemi haya kwa kuwadharau wataalamu hao. Kazi yao ni ya kustahiwa, maana kwa njia hiyo twajifunza mambo ambayo maiti wa samaki hawezi kutufundisha. Bali twasema ili msomaji aone jinsi bahari ifanyavyo bure, na kwa kila kiumbe, kazi ambayo mwanadamu huifanya kwa taabu kubwa kwa ajili ya kaa wachache.

SI KILA MNYAMA AHITAJIYE MGANDAMIZO

Hata hivyo tusiseme zaidi ya kweli. Wako wanyama wa vilindi wasio na kifuko cha hewa, ambao huvumilia kuondokewa na mgandamizo iwapo watapata baridi na giza. Jumba la Monterey Bay huko California lilifungua mwaka 2022 onyesho kubwa la wanyama wa vilindi, na wengi wao hawakuwekwa katika matangi ya mgandamizo. Siri yake ilikuwa ni maji baridi yenye hewa kidogo, kama yale ya kwao.

Jumba la Toba nchini Japani lilikuwa na mnyama wa jamii moja na kaa na kamba, mwenye miguu 14, aliyetoka vilindini mwa Ghuba ya Meksiko. Alikula samaki mmoja mwezi wa Januari 2009, kisha hakula tena hadi alipokufa Februari 2014. Miaka mitano bila ya chakula! Watunzaji wake walimwekea chakula, naye akakiacha. Mfano huo watufundisha kwamba kumwona mnyama yu hai hakutoshi kutujulisha kwamba tumeijua haja yake.

Tena iko njia ya katikati. Mwaka 2018 wataalamu wa California Academy of Sciences walieleza chombo chao cha kuwapandishia samaki wa miamba ya kina cha mita 60 hadi 150, kina kilekile ambacho nyavu za Tanga hufika. Mzamiaji huwafungia samaki ndani ya chombo huko chini, kikapandishwa na mgandamizo wake. Halafu juu mgandamizo hupunguzwa kidogo kidogo kwa muda wa siku kadhaa, hata kifuko cha hewa cha samaki kikazoea. Basi, kama samaki wa kina hicho wawezekana kupandishwa, vipi silikanti?

SILIKANTI WA TANGA

Silikanti alijulikana kwanza kwa visukuku, yaani mifupa na alama zilizogeuka mawe. Wataalamu walidhani ya kuwa amekwisha kutoweka duniani tangu miaka milioni 66 hivi. Lakini mwezi wa Desemba 1938 mmoja alivuliwa karibu na mdomo wa Mto Chalumna, Afrika Kusini. Wa pili alipatikana Desemba 1952 kisiwani Nzuani, katika Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua tangu zamani kwa jina la gombesa. Mwaka 2001 akaonekana Malindi. Mwaka 2003 huko Songo Mnara, Kilwa. Na tangu mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wakaanza kuwakuta, makumi kwa makumi, katika majarife waliyoyatega kwa ajili ya papa, kina cha mita 50 hadi 150 hivi.

Samaki huyu hukaribia urefu wa mita 2, na uzito wake waweza kufika kilo 100. Rangi yake ni ya buluu yenye madoa meupe, na madoa ya kila mmoja ni tofauti na ya mwenziwe. Mchana hupumzika katika mapango ya miamba. Usiku hutoka kuwinda polepole. Hatagi mayai, huzaa watoto kamili, na jike mmoja aliyevuliwa Msumbiji mwaka 1991 alikuwa na watoto 26 tumboni. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2021 umeonyesha kwamba aweza kuishi karibu miaka 100, kwamba jike hukaribia miaka 60 kabla ya kuanza kuzaa, na kwamba mimba yake huchukua miaka 5 hivi.

Je, amepata kufugwa? Mwaka 1954 mmoja alivuliwa akiwa hai huko Mutsamudu, Nzuani, akawekwa katika mashua iliyozamishwa maji. Aliikimbia nuru, akatafuta kivuli, na siku ya pili yake akafa. Mwaka 2007, huko Manado, Indonesia, mmoja wa jamii ya pili ya silikanti aliwekwa katika kidimbwi kilichozungushiwa wavu. Aliishi saa 17. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hata majumba makubwa ya nchi za mbali yalitamani kumpata akiwa hai, wala hayakufaulu.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Silikanti hafi kwa kupasuka. Kifuko chake hakina hewa, kimejaa mafuta, na mafuta hayatanuki kama hewa. Adui yake mkubwa ni joto na uchovu. Damu yake huchukua hewa vizuri katika maji ya joto la digrii 15 hivi, na mashavu yake ni madogo, kwa kuwa ameumbwa kwa maisha ya utulivu. Aletwapo juu, katika maji ya digrii 25 na zaidi, baada ya kupigana na wavu usiku kucha, hushindwa kuvuta hewa ya kumtosha. Hufa kama afaye kwa kukosa pumzi, hali amezungukwa na maji pande zote.

Basi mwenye kutaka kumfuga angehitaji tangi kubwa kama ukumbi, lenye baridi, giza na utulivu. Na akitaka kumpa pia mgandamizo wa mita 150, hesabu yake ni hii: kila mita mraba ya ukuta wa tangi ingebeba tani 150. Yule kaa wa Brest amewezekana kwa kuwa ni mdogo. Silikanti ni mkubwa kama mtu mzima, na huhitaji nafasi ya kutembea.

SWALI NA JIBU

Huenda mtu akasema: "Mbona vitu vingine vya Tanga vimehamishwa na vikastawi? Mwaka 1892 mtawala Mdachi wa Tanga, Walter von Saint Paul, alilipata katika nchi ya Usambara ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia, na leo hukuzwa katika vyungu madirishani mwa nyumba duniani kote. Ikiwa ua la mlimani limefugwa, kwa nini samaki wa baharini asifugwe?"

Jibu la kwanza: kadiri ya ua lile ni nyepesi. Kivuli, unyevu na joto la wastani hupatikana katika dirisha la nyumba yoyote. Kadiri ya silikanti ni bahari nzima yenye baridi na giza.

Jibu la pili ni zito zaidi. Maua yale yamejaa madirishani, lakini misitu ya Usambara ambamo yalitoka imepungua, na baadhi ya aina zake za porini zimo hatarini. Kwa hiyo kukiweka kitu nyumbani si sawa na kukihifadhi. Twaweza kuwa na mfano wake mkononi, hali kwao kunateketea.

Tena mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba damu ya silikanti wa Tanga imechunguzwa, wakaonekana kuwa ni ukoo wa peke yake, uliotengana na wale wa Komoro tangu zamani sana, yapata miaka 200,000 au zaidi. Basi asiseme mtu kwamba hawa wakiisha watakuja wengine kutoka Komoro. Ukoo ni huu, na maskani yake ni hapa.

WAJIBU WETU

Kurani Tukufu, katika sura ya 54, aya ya 49, yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameumba kila kitu kwa kipimo chake. Na katika sura ya 6, aya ya 38, kwamba wanyama nao ni umma kama sisi. Habari za vilindi zatusaidia kuyaona mafundisho hayo kwa macho: kaa wa mita 1,700 amepimiwa mgandamizo wake, chewa kifuko chake, na silikanti baridi yake. Naye Mtume Muhammad s.a.w. alisimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, wala hakumlisha, wala hakumwacha aende kujitafutia. Angalia vizuri kosa lake. Hakulaumiwa kwa kuwa na paka. Alilaumiwa kwa kumwondoa kiumbe katika njia yake ya kuishi bila ya kumpa njia nyingine. Hiyo ndiyo kanuni ya kila afugaye, awe na tangi la chuma huko Brest au banda la kuku hapa Maramba: umchukuaye, mpe kadiri yake, na usipoweza kumpa, mwache alipo.

Kwa silikanti, tangi lililo bora limekwisha kutengenezwa, nalo ni bahari ya Tanga. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye eneo la kilomita mraba 552, kutoka kaskazini ya mdomo wa Mto Pangani hadi kupita mji wa Tanga. Anayetaka kumwona silikanti hai, njia ya heshima ni kumfuata kwake, kama walivyofanya akina Hans Fricke mwaka 1987, walipoteremka kwa nyambizi ndogo huko Komoro na kumtazama kwa mara ya kwanza katika maskani yake.

Najua kwamba mvuvi ana hoja yake, nayo ni ya haki. Papa wa karibu wamepungua. Ana watoto wa kulisha. Kwa hiyo hulitega jarife mbali zaidi na chini zaidi. Silikanti hamfai kitu, maana nyama yake ina mafuta yanayomwendesha mtu tumbo. Tena sheria yamlinda. Humkuta tu katika wavu, akiwa mfu au karibu na kufa. Mtu asimwite mvuvi huyo mkatili. Lakini ni kweli vilevile kwamba kila jike afaye katika jarife alikuwa amengojea miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na pengo lake halizibwi upesi.

Basi kila mmoja atazame sehemu yake. Mvuvi aepuke kulitega jarife penye miamba na mapango ya kina ambako silikanti wamekwisha kuonekana. Na akimkuta angali hai, asimkokote pwani kwa maonyesho, bali amrudishe chini upesi, kwenye baridi yake, kisha amwarifu ofisa wa uvuvi au wa hifadhi. Kwa ajili ya wavuvi wa Komoro ilibuniwa hata zana ya kazi hiyo: uzito pamoja na ndoana isiyo na kijino, ili samaki ateremshwe haraka kisha ajinasue mwenyewe. Na huyo ndiye kinyume cha mwenye tangi: badala ya kuipandisha kadiri ya samaki, humrudisha samaki katika kadiri yake.

Nasi tulio mbali na mawimbi, tusidhani kwamba hatumo. Jarife hutegwa kwa ajili ya papa, na papa mkavu huuzwa katika masoko ya bara kama letu. Mnunuzi aweza kuuliza samaki wake ametoka wapi na amevuliwaje. Mwalimu aweza kuwafundisha watoto jina la silikanti kabla hawajajua majina ya wanyama wa mbali. Mzee aweza kusema neno mahali ambapo neno lake husikilizwa. Hayo ni mambo madogo. Lakini samaki aishiye miaka 100 huhitaji watu wanaoweza kufanya mambo madogo kwa muda mrefu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzijua kadiri za viumbe Wake, na kutozivunja kwa pupa wala kwa kutojua. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Katika kina cha mita 150 mgandamizo ni mara ngapi ya ule wa juu ya bahari? Onyesha hesabu yako.

2. Taja mambo manne yanayobadilika mnyama wa kilindi anapovutwa juu. Ni lipi linalomwua chewa, na ni lipi linalomwua silikanti?

3. Kwa nini matangi ya AbyssBox yalitengenezwa madogo na yenye kuta nene?

4. Eleza tofauti iliyopo baina ya kukiweka kiumbe na kukihifadhi. Toa mfano mmoja kutoka mlima wa Usambara na mmoja kutoka bahari ya Tanga.

5. Una mnyama gani nyumbani kwako? Taja kadiri yake, kisha jiulize kama waitimiza.